Gary Anderson alikosa mkwaju MMOJA, nyie mmemfutia miaka 23 ya kazi. Nimechoka!

Wakuu habari za saa hizi. Sina salamu ndefu, nimekereka.

Jumapili tulikuwa Wabongo kama kumi na wawili nyumbani kwa mwenzetu hapa Minneapolis. Nyama choma ipo, ugali upo, Vikings, timu yetu ya mpira wa Kimarekani hapa Minnesota, wako kwenye luninga. Mpiga mikwaju wetu, yule anayeupiga mpira kwa mguu upite katikati ya milingoti kwa pointi tatu, akakosa mmoja robo ya pili. Robo ya pili, jamani, hata mapumziko bado! Dogo mmoja aliyezaliwa 2001 akasimama na sahani yake mkononi: "Hii timu ina laana ya wapigaji tangu yule mbovu wa 1998." Watu wakacheka. Nikaweka soda chini, nikamuuliza, mbovu yupi? Jina halijui. Anajua tu kwamba kuna mtu alikosa.

Nimerudi nyumbani, naingia humu nipoze hasira, nakuta na nyie mnaimba wimbo uleule. Basi nafungua uzi wangu. Mods naomba msiuunganishe na ule mwingine, ule una matusi.

"Mbovu" wenu anaitwa Gary Anderson. Kazaliwa Parys, Afrika Kusini, mwaka 1959, mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti, akakulia Durban akipiga soka. Soka hili hili letu la mpira wa duara. Familia ikahamia Pennsylvania mwaka 1978. Miaka minne baadaye, akitokea Chuo Kikuu cha Syracuse, Buffalo Bills wakamchagua raundi ya 7, pale timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huu, zinapogawana wachezaji wapya. Wakamtema kabla msimu haujaanza. Pittsburgh Steelers wakamwokota, akawapigia misimu 13. Mnaojua ule uwanja wao wa zamani, Three Rivers, mnajua upepo wake ulivyokuwa ukiwafanya wapigaji. Baadaye Philadelphia miaka miwili, San Francisco mmoja, kisha 1998 akaja huku kwetu akiwa anagonga miaka 39. Umri ambao mimi kupanda ngazi za ghorofa ya tatu napumua kama mbuzi.

Sasa tuje 1998, maana ndiko mnakopenda kwenda.

Msimu ule wa kawaida alipiga mikwaju 35. Iliyopita katikati ya milingoti: 35. Ile ya pointi moja baada ya tachidauni (mpira ukifikishwa mwisho wa uwanja wa adui, pointi 6) alipiga 59, zikaingia 59. Pointi 164 kwa mguu wa mtu mmoja. Kabla yake hakuna mpigaji wa NFL aliyewahi kumaliza msimu mzima bila kukosa vyote viwili. Timu ikashinda mechi 15, ikapoteza moja, ikaweka rekodi ya ligi kwa wakati ule ya pointi 556. Mnakumbuka Randy Moss, mnakumbuka Cris Carter, mnakumbuka Cunningham, kwotabeki wetu, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Anderson mnamkumbuka kwa kitu kimoja tu.

Tarehe 17 Januari 1999, ndani ya Metrodome, uwanja wetu wa wakati ule, fainali ya kanda dhidi ya Atlanta Falcons, mshindi anakwenda Super Bowl, fainali ya ligi nzima. Mimi nilikuwa na miezi minne Marekani, tunakaa watu watano kwenye nyumba ya vyumba viwili, luninga ina antena ya waya wa kutundikia nguo. Sheria za mchezo nilikuwa sijui hata nusu. Lakini niliiona ile mechi yote, na baadaye nimeirudia mara nyingi kuliko nilivyorudia harusi yangu. Kwa hiyo nisikilizeni.

Tunaongoza 20 kwa 7, nusu ya kwanza inakaribia kuisha. Badala ya kuua muda, kocha Dennis Green anataka pointi zaidi. Cunningham anapigwa akiwa karibu na goli letu, mpira unamtoka, Falcons wanaokota na muda si mrefu ni tachidauni. 20 kwa 14. Nani analaumiwa kwa hilo leo? Hakuna.

Robo ya nne tunaongoza 27 kwa 20. Anderson kashaingiza mikwaju miwili siku hiyo. Zimebaki dakika mbili na sekunde chache, anakuja kupiga yadi 38. Ukiingia, tofauti ni pointi 10 na kila mtu aende kukata tiketi ya Super Bowl. Ukapita nje kidogo, kushoto. Sawa. Alikosa. Metrodome ina paa, upepo haumo, mvua haimo, simtafutii kisingizio na yeye mwenyewe hakuhitaji changu.

Lakini baada ya kukosa bado tulikuwa TUNAONGOZA. Pointi 7! Kazi ya walinzi ilikuwa kuzuia dakika mbili tu. Falcons wakatembea yadi 71 kama wanakwenda sokoni. Robert Griffith wetu mpira ukamfikia mikononi, angeukamata mechi imeisha, ukamponyoka. Kwotabeki wao Chandler akamrushia Mathis, tachidauni, 27 kwa 27. Tena mpira tukaupata sisi, na tukiwa na silaha zote zile, Green akaamua kwotabeki apige goti kuua muda, tungoje dakika za nyongeza. Kwenye nyongeza tukapata mpira mara mbili. MARA MBILI. Hatukufanya chochote. Ndipo Morten Andersen wa Falcons akapiga wake, yadi 38 zilezile, ukaingia. 30 kwa 27.

Hesabuni wenyewe ni watu wangapi walipata nafasi ya kuimaliza ile mechi. Halafu mnambebesha mzee wa miaka 39 peke yake.

Na huyo Morten Andersen ni mtoto wa Denmark, alikuja Indiana mwaka 1977 kama mwanafunzi wa kubadilishana, naye hakuwa ameujua mpira huu. Yupo kwenye Jumba la Magwiji kule Canton tangu 2017. Anastahili kabisa, sina ugomvi naye. Ila mwaka 2000 aliyempita mzee George Blanda na kuwa mfungaji wa pointi nyingi kuliko wote katika historia ya ligi ni Anderson wetu, na rekodi ikakaa kwake mpaka 2006, Andersen alipoichukua. Mmoja anapita mlangoni Canton, mwingine anaimbiwa "kushoto nje". Yadi 38 kwa yadi 38.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wengi mnaosema "kazi ya mpigaji ni kupiga tu" hamjui mkwaju unapigwaje. Mpira unarudishwa nyuma yadi saba hivi, mrushaji ameinama kichwa chini anatazama kati ya miguu yake mwenyewe. Kuna mshikaji (siyo mshikaji wako wa kijiweni, huyu anashika mpira kweli) amepiga goti, anaudaka, anausimamisha, anauzungusha zile kamba za mshono zielekee golini. Mpigaji kashaanza kukimbia hata kabla mpira haujatulia. Tangu urushwe mpaka upigwe ni sekunde moja na kitu. Mbele kuna majitu yenye kilo 140 yanaruka mikono juu. Watu watatu wafanye kazi kama saa ya ukutani, mmoja akichelewa kidogo, anayetajwa kwenye gazeti ni mmoja tu.

Mnabisha? Blair Walsh. Januari 2016, uwanja wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Seattle wamekuja, baridi nyuzi 21 chini ya sifuri. Mpira ni jiwe. Vikings wakafunga pointi 9 tu mechi nzima, na ZOTE ni za Walsh, mikwaju mitatu. Mwishoni akapewa wa yadi 27 wa kushinda, akakosa kushoto. 10 kwa 9 tukatolewa. Tazama picha, kamba za mpira zinamwelekea yeye badala ya goli. Hakumtaja mshikaji wake. Alisema kosa ni lake. Watu wazima wakamtukana, watoto wa darasa la kwanza wa shule moja ya hapa hapa Minnesota wakamwandikia barua za kumpa pole, naye akaenda mwenyewe kuwashukuru. Novemba ya mwaka huohuo akatemwa.

Daniel Carlson. Huyu ndiye nikimkumbuka naumwa tumbo. Tulimchagua raundi ya 5 mwaka 2018, kijana mbichi. Mechi yake ya pili ya ligi, kule Green Bay, akakosa mitatu, sare 29 kwa 29. Kesho yake akafukuzwa. Kesho yake! Raiders wakamchukua. Msimu wa 2021 aliwaingizia mikwaju 40, na ule wa mwisho kabisa, yadi 47 katika dakika za nyongeza dhidi ya Chargers, ukawapeleka kwenye mtoano. Siku hiyo sisi tulikuwa tunafunga msimu, hatuendi kokote. Mbegu tulitupa wenyewe halafu tunalia njaa.

Kwotabeki akirusha mipira mitatu kwa adui, mtasema ana siku mbaya, atarekebisha, yuko kwenye mkataba mrefu. Mpigaji akikosa mitatu, Jumanne asubuhi kuna vijana wanne uwanjani wanajaribiwa kuchukua nafasi yake, na yeye anawaona kupitia dirishani. Hayo ndiyo maisha yao, wakuu. Anderson aliishi hivyo misimu 23.

Tena ngoja, hamjasikia alivyomaliza. Vikings wakaachana naye baada ya msimu wa 2002. Mwaka 2003 mpigaji wa Tennessee Titans akaumia mwanzoni mwa msimu, wakamwita mzee. Januari 2004, mtoano, wako ugenini Baltimore, ngoma ni 17 kwa 17, zimebaki sekunde 29. Yadi 46. Miaka 44! Mpira ukaenda ukajikongoja, ukapita juu ya mtambaa panya kwa shida, ukapita. 20 kwa 17. Huo mkwaju mbona humu hauna uzi? Nimetafuta, sijaona hata mmoja.

Jumla yake: mechi 353, mikwaju 538 iliyoingia, pointi 2,434. Leo walioko juu yake ni wawili tu, Vinatieri na yule Andersen. Na Canton hawajamfungulia mlango.

Buffalo wana historia chungu kuliko yetu. Januari 1991 Scott Norwood alikosa yadi 47 sekunde za mwisho za Super Bowl, wakafungwa 20 kwa 19 na Giants. Timu iliporudi nyumbani, maelfu walijaa uwanja wa mbele ya manispaa wakaita jina lake mpaka akasimama mbele yao, machozi yakimlenga. Wakamshangilia. Sisi wa Minnesota tunajisifu kwa upole, watu wa jimbo zima mpaka wamepewa jina kwa upole wao, lakini kwa wapigaji tuna roho ya fisi.

NYONGEZA: Kuna aliyeandika hapo chini "unamtetea Kaburu". Kaka, Mzungu wa Afrika Kusini ndiyo, sijasema ni mjomba wangu. Aliondoka kule kijana aliyetoka sekondari. Nazungumzia mkwaju, wewe unaniletea pasipoti.

NYONGEZA 2: Aliyeuliza kama nilimsamehe na Asamoah Gyan wa 2010. Nilimsamehe usiku uleule. Aligonga mtambaa panya, akarudi dakika chache baadaye kwenye matuta akapiga wa kwanza na akafunga. Wangapi humu mngerudi kupiga? Mimi ningejifanya nimeteguka.

NYONGEZA 3: Mnaosema analipwa mamilioni, sawa, kalipwa. Lakini ukipanga mishahara ya kikosi, wapigaji utawakuta chini huko na wale warushaji wa kuinama, na pointi za timu wao ndio wanabeba fungu kubwa. Mwenye namba tofauti azilete, asije na vicheko.

NYONGEZA 4, naandika nikiwa mapumziko ya zamu: Yule dogo wa Jumapili kanitumia ujumbe. "Anko shikamoo. Nimeitafuta ile mechi, nimeiangalia yote. Kumbe mbovu ni Griffith."

Sijamjibu bado.