Tupeane uzoefu: ziwa unalichaguaje, na mteremko wa kushushia boti ulikufanya nini?

MwanaMaji
Wakuu, jana nimekuta jamaa trela yake ishaingia majini, ndiyo kwanza anafungua turubai. Nyuma yake magari sita. Nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza. Haya, kila mtu na lake.

Kasia Refu
Kizibo cha tezini, kile cha tundu la kutolea maji nyuma ya boti, nilikisahau. Nimeshusha boti, nimeenda kuegesha gari, kurudi naona imelala chini kuliko gati. Maji ya vifundoni. Siku hizi kizibo nakifunga pamoja na ufunguo wa injini, siwezi kuwasha bila kukishika.

Bi Gati
Hata mimi. Mara mbili.

Pepo za Mchana
Acheni niseme langu. Maji ya bwawa yalikuwa yamepungua sana, zege la chini limevaa utando wa mwani. Nikaingia rivasi, nikavuta handibreki, nikashuka kufungua mkanda wa tezini. Mke na mtoto wamebaki ndani, vioo vimepandishwa. Nikasikia sauti kama mtu anakwangua sufuria: matairi ya nyuma yamefunga lakini yanateleza. Magurudumu ya trela yakavuka mwisho wa zege, kumbe pale kuna shimo. Trela ikadidimia, gari likafuata. Maji yalifika kwenye kitasa cha mlango. Nikapiga kelele, "Shusha kioo!" Bahati umeme ulikuwa bado unafanya kazi. Akanipa mtoto kwa dirishani, naye akatoka. Gari lilivutwa na trekta. Tangu siku hiyo abiria wote wanashukia juu kabisa, nashusha vioo, sifungi mkanda wa kiti, na nikisimama naweka kabari nyuma ya gurudumu kabla sijagusa kitu kingine.

Bi Gati
Pole sana kaka. Mtoto mzima?

Pepo za Mchana
Mzima dada. Sasa anaogelea kunishinda.

Injini Moja
Hayo mashimo yanachimbwa na nyie mnaopandisha boti kwenye trela kwa kukanyaga mafuta. Pangaboi linasukuma kokoto zote kutoka mwisho wa zege.

Nundu
Upepo wa ubavu ukipiga na uko peke yako, utafanyaje?

Injini Moja
Kamba mbili, omo na tezi, yaani mbele na nyuma, unaiongoza boti ukiwa gatini. Halafu winchi.

Nundu
Peke yangu nashika kamba mbili na winchi? Una mikono mingapi?

Kasia Refu
Tusigombane. Yule wa MwanaMaji ndiye wa kusemwa: turubai, mikanda, mizigo, vyote vinamalizwa juu, kabla ya zamu yako.

Tanga Bovu
Kuhusu ziwa: msidhani kina kifupi ndiyo usalama. Ziwa Erie la Amerika Kaskazini lina kina cha wastani wa mita 19 tu, na upepo ukilipiga kwa urefu wake mawimbi yanakuwa mafupi, yamesimama, yanafuatana bila kukupa nafasi. Mimi natazama upepo unatoka wapi, nashushia upande huo huo. Maji yanakuwa yametulia.

Nundu
Halafu jioni injini imechoka unarudi ukipambana nao? Mimi naanza kwa kuukabili, ukinirudisha wenyewe ni sawa.

Tanga Bovu
Kwa hiyo unapandisha boti kwenye mteremko unaopigwa mawimbi. Haya.

Bi Gati
Naomba kwa moyo wote: mkihama ziwa, kausheni boti. Kome wadogo wenye milia waliingia Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini miaka ya 1980 kwa maji yanayobebwa tumboni mwa meli ili zitulie, lakini maziwa mengi ya ndani waliyafikia wakiwa kwenye boti za starehe kama zetu. Na gugumaji linatosha kipande kimoja kilichonasa kwenye ekseli. Toeni maji yote, ng'oeni majani, ndipo muondoke.

Mgeni wa Maji
Mimi nimepata boti yangu ya kwanza. Nianzie wapi?

Injini Moja
Ziwa dogo, katikati ya wiki, alfajiri.

Tanga Bovu
Kubwa lenye ghuba. Madogo yanajaa.

Pepo za Mchana
Anzia uwanja mtupu, na trela tu. Shika usukani chini, mkono uusogeze upande unaotaka trela iende. Polepole.

Mgeni wa Maji
Nimetoka uwanjani sasa hivi. Mara tatu imejikunja, ya nne ikanyooka.