Injini ya pikapu inagonga ninapokanyaga mafuta: je, ni lazima ishushwe?

Swali

Ndugu zangu, ninaomba ushauri wa wenye uzoefu kabla sijakubali kazi kubwa ambayo huenda haihitajiki. Nina pikapu ya petroli yenye injini ya silinda nne na gia za mkono, ambayo imekwisha kutembea kilomita 270,000. Kwa wiki tatu sasa, kila ninapokanyaga mafuta, hasa nikiwa gia ya tatu na ninapanda mlima, hutoka mlio mkali wa tak-tak-tak ambao hufuata mzunguko wa injini wala si mwendo wa magurudumu. Nikiinua mguu, mlio hufifia papo hapo. Gari likiwa limesimama na injini ikizunguka polepole bila kukanyaga mafuta, mlio husikika kwa mbali sana. Oili iko kwenye alama yake na taa ya oili haijapata kuwaka. Fundi aliyelisikiliza kwa dakika chache amesema beringi za konrodi (vyuma laini vilivyo kati ya mkono wa pistoni na krankshafti) zimekwisha na injini ishushwe. Je, kuna njia ya kuhakikisha kwanza?

Jibu la kwanza

Ndugu, usikubali injini ishushwe kwa ushahidi wa sikio la dakika chache. Mlio unaotokea injini inapobeba mzigo una washukiwa wengi, na baadhi yao hawamo kabisa ndani ya injini. Kwanza tuambie jambo moja: asubuhi injini ikiwa baridi, mlio huwa mkubwa zaidi au mdogo kuliko baada ya kuendesha kwa robo saa?

Ninauliza hivyo kwa sababu manifoldi ya eksozi (bomba linalokusanya moshi kutoka silinda zote) inayovuja hulia karibu sawa na injini inayogonga. Moshi unaotoka silinda kwa shinikizo hupenya kwenye ufa au kwenye gasketi (kiziba cha maungio) iliyoungua, na kila mlipuko hutoa mlio mmoja mkavu. Ukikanyaga mafuta shinikizo huongezeka na mlio hukua. Chuma kikipata joto hutanuka na kuziba nafasi, hivyo mlio hupungua au hutoweka. Beringi ya konrodi kwa kawaida hufanya kinyume: oili ikipata moto huwa nyepesi, na kugonga huzidi, tena kwa sauti nzito inayotoka chini.

Kuna kipimo ambacho mafundi wengi hukitegemea, nacho ni kuzima silinda moja moja kwa kuchomoa plagi ya umeme ya injekta (kifaa kinachonyunyizia petroli) na kusikiliza kama mlio unapungua. Ni kipimo kizuri, lakini kina mtego, kwa kuwa silinda iliyozimwa hupunguza mlio wa beringi yake na vilevile mlio wa uvujaji ulio kwenye tundu lake la eksozi. Kwa hiyo kitakuonyesha silinda yenye tatizo, wala hakitakuambia tatizo ni lipi. Kipimo cha kuaminika zaidi kuhusu beringi ni kufungua swichi ya oili (ile inayowasha taa ya oili), kufunga geji ya kupima shinikizo mahali pake, na kulinganisha usomaji wa injini ikiwa moto na kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari hilo.

Jibu la pili

Naongeza mshukiwa mwingine, yaani petroli kuwaka kabla ya wakati wake au kwa mshindo. Mlio wake ni mwembamba, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, na hutokea hasa unapokanyaga sana kwenye gia kubwa huku mzunguko ukiwa mdogo. Husababishwa na petroli ya oktani ndogo (yaani isiyohimili mgandamizo mkubwa bila kuwaka yenyewe), masizi yaliyojaa juu ya pistoni, injini kupata joto kupita kiasi, au taimingi iliyotangulia (cheche kutoka mapema mno). Jaza tangi petroli ya oktani kubwa zaidi. Mlio ukitoweka, umepata mwelekeo bila kufungua bolti hata moja.

Mwenye swali

Nawashukuru sana. Nimefuatilia kwa siku mbili: asubuhi mlio ni mkubwa mno, na baada ya takriban dakika 10 za mwendo hupungua sana. Geji ya oili imesoma ndani ya kiwango cha kitabu. Leo nimeondoa bati la kukinga joto na nimeona masizi meusi karibu na silinda ya nne, na bolti ya mwisho ya manifoldi imekatika kichwa.

Jibu la kwanza

Basi umeupata uvujaji. Ili kujiridhisha, injini ikiwa baridi na imezimwa, puliza hewa ya shinikizo dogo kwenye bomba la nyuma na unyunyizie maji ya sabuni kwenye maungio. Mapovu yatatoka panapovuja.

Hadi utakapotengeneza, usiendeshe madirisha yakiwa yamefungwa, kwani moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua.

Bolti iliyokatika isilazimishwe. Iloweshe mafuta ya kulegeza kutu usiku mzima. Ikiwa kipande kimetokeza nje, mchomeleaji anaweza kuunganisha nati juu yake, na joto lile lile la kuchomelea husaidia kuilegeza. Ikiwa imekatikia ndani, itobolewe katikati kabisa, kwa kuwa silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya alumini huharibika kwa urahisi. Kisha weka rula ya chuma iliyonyooka kwenye uso wa manifoldi: ikiwa umepinda, usawazishwe kwenye mashine, la sivyo gasketi mpya itaungua tena. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa kipimo cha kitabu.

Mwenye swali

Kazi imekamilika jana. Manifoldi ilikuwa imepinda upande wa nyuma, imesawazishwa, na bolti zote zimebadilishwa pamoja na gasketi. Asubuhi hii nimepanda mlima ule ule kwa gia ya tatu, injini ikiwa bado baridi, na sikusikia kugonga kokote.