Mombasa hadi New York: mama apitie Nairobi, Istanbul au Dubai?

Binti_Kisauni: Assalaam aleikum nyote. Mama aenda New York kwa dada yangu aliyejifungua. Atasafiri peke yake, Kiingereza hajui na magoti yamsumbua. Wakala ametupa njia tatu: Nairobi, Istanbul au Dubai. Zote ni kubadilisha ndege mara moja. Nauli tutajipanga, mimi nataka asichoke.

Nahodha_Likoni: Waaleikum salaam. Kwa umbali, Nairobi haina mpinzani. Mombasa hadi New York moja kwa moja ni kama kilomita 12,250, na Nairobi iko karibu kabisa njiani, kwa hivyo hazunguki. Istanbul yaongeza kama 900. Dubai yampeleka mashariki kwanza ndipo arudi magharibi, jumla yakaribia 14,700. Hiyo ifute.

Mama_Nuru: Mwanangu, magoti hayahesabu kilomita. Ndege ya Kenya Airways ya Nairobi–New York, iliyoanza Oktoba 2018, haitui popote: kwenda ni kama masaa 15, kurudi 14 kwa sababu upepo wa juu wavuma kutoka magharibi na kuisukuma. Masaa 15 kitini ni mengi kwa mtu mzima. Kupitia Istanbul ni kama saba, ashuke, anyooshe miguu, aswali, kisha kama kumi na moja. Mimi ningechagua hiyo.

Msafiri_Mvita: Shikamoo Mama Nuru. Kuhusu magoti ni kweli, lakini Istanbul nani atamwelewa? Uwanja ule ni mkubwa mno, na lango likibadilishwa atajuaje? Nairobi atauliza kwa Kiswahili, na ndani ya ndege pia wahudumu wapo wa kusema naye. Dada, omba kiti cha magurudumu siku ya kukata tiketi, hakilipiwi. Mchukulie kiti cha upande wa njia ili asimame kila baada ya muda bila kumsumbua jirani.

Binti_Kisauni: Na akienda Nairobi kwa treni ya SGR, tuokoe kidogo?

Msafiri_Mvita: Usithubutu. Ni kama masaa matano hadi kituo cha Syokimau, Nairobi, kisha teksi na mabegi. Akichelewa, shirika la ndege haliwajibiki wala halimjui. Apande ndege pale uwanja wa Moi, Mombasa, safari yote kwa tiketi moja, mabegi yaandikwe New York tangu Mombasa.

Binti_Kisauni: Mbona karatasi ya wakala yasema kuondoka Nairobi saa tano usiku, kufika saa kumi na mbili asubuhi? Si masaa saba hayo?

Nahodha_Likoni: Kila saa imeandikwa kwa saa za mahali pake. Majira ya baridi New York iko nyuma yetu masaa manane, kwa hivyo saba na manane ni 15. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba tofauti ni masaa saba.

Binti_Kisauni: Basi ni Nairobi. Mama Nuru, Istanbul nimeiacha kwa ajili ya lugha tu. Kesho naenda kwa wakala, na kiti cha magurudumu nitakiomba kwa viwanja vyote vitatu.