Tupeane uzoefu: yaliyojiri nyuma ya kamera kwenye filamu za kuchekesha

Wakuu, waliowahi kufanya kazi kwenye filamu ya kuchekesha, iwe kuigiza, kupiga picha au kubeba viti, karibuni tusimuliane. Naanza mimi.

Nilikuwa msaidizi wa mwongozaji. Kwenye usaili wa nafasi ya baba mkali, karibu wote waliingia wakichekesha: sauti ya kubana, macho ya kutumbua, suruali imepandishwa hadi kifuani. Wa mwisho alikuwa mzee wa tamthilia za majonzi. Akakaa, akasoma mstari mmoja tu, "Nani amekalia miwani yangu?", kwa uchungu kama wa mfiwa. Chumba kizima hoi. Yeye akatutazama kwa mshangao, akauliza kama amekosea ukurasa. Nafasi akapewa palepale.

Baadaye nikajua kuna waliolitambua hili mapema. Filamu ya kuchekesha ya Airplane! ya 1980 ilichukua kwa makusudi watu waliozoeleka kwenye kazi nzito: Robert Stack, Lloyd Bridges, Peter Graves, Leslie Nielsen. Wakacheza kwa uso mkavu mwanzo mwisho. Nielsen alikuwa na miaka mingi ya kuigiza watu makini, lakini tangu hapo jina lake likawa la uchekeshaji.

MSHIKA MAIKI
Mkuu umenigusa. Watu hudhani vicheko eneo la kazi ni raha. Kwangu mtu wa sauti ni maadui. Tulikuwa na sini (tukio) ya kiti kuvunjika. Fundi alikata mguu mmoja kwa msumeno ukabaki kama unene wa penseli, akaziba mkato kwa nta na kupaka rangi. Teki ya kwanza, yaani mara ya kwanza kurekodi, kiti kikagoma. Ya pili kikagoma. Akakata tena kidogo. Ya tatu kikaenda chini kabla ya wakati, mwigizaji yuko katikati ya sentensi, na akaimalizia akiwa sakafuni, hajatoka kwenye uhusika hata kidogo! Sijawahi kuona kitu kama kile. Ila kwenye hedifoni nikasikia mtu wa taa amepasuka kicheko juu ya neno la mwisho.

Kiti cha akiba hakikuwepo. Sauti ikarekodiwa upya studio wiki mbili baadaye, na ule mshtuko wa kweli haukurudi tena. Mpaka leo nikiitazama nakisikia kile kiraka cha sauti. Sasa hivi kabla ya sini ya aina hiyo naomba asiye na kazi atoke nje.

MTU WA MEKAPU
Sisi tulimvika mwanaume awe bibi. Kwenye kioo alionekana safi kabisa, ila kwenye kamera ndevu zinatokeza rangi ya bluu chini ya poda. Wa filamu ya Some Like It Hot (1959) nao walipata shida ya rangi: kwenye majaribio, nyuso za Tony Curtis na Jack Lemmon, waliopambwa wawe wanawake, zilionekana za kijani, na mwongozaji Billy Wilder akaipiga filamu nyeusi na nyeupe japo nyota wake Marilyn Monroe alitaka ya rangi. Sisi hatukuwa na uchaguzi huo. Tulimnyoa mara mbili kwa siku, tukapaka rangi ya machungwa kwanza ili izime ile bluu, ndipo poda.

MWIGIZAJI
Mimi nilishapata nafasi, nikafanya mazoezi mwezi mzima, kisha akaletwa mwingine. Iliniuma sana. Nilipata nguvu kidogo niliposoma kwamba filamu ya Beverly Hills Cop (1984) ilikuwa iwe ya Sylvester Stallone, akatoka, akaingia Eddie Murphy. Kila mmoja angeleta filamu yake. Nilipoiona ile yetu imekamilika, nilikubali kwamba aliyechukua nafasi yangu alikuwa na utulivu ambao mimi sikuwa nao.

MWANZISHA MADA
Pole sana, na asante kwa kusema wazi. Mshika Maiki, ile teki yenye kicheko bado ipo?

MSHIKA MAIKI
Ipo. Mhariri aliitunza nzima, na kicheko chake.