Kupka yule mchoraji Mcheki, alikula nini kabla hajatajika?

FundiKibao_Langoni:
Asalaam aleikum wanajamvi. Mi kazi yangu kuandika vibao vya maduka na kupaka majahazi hapa Lamu, juzi niko Matondoni namalizia jicho la mashua mgeni mmoja kasimama kanitazama weee, mwisho akanambia namkumbusha Kupka, Mcheki aliyehamia Ufaransa. Nikaingia Google naona miduara tu, buluu na nyekundu. Nani huyu, na kwa michoro ile alikula nini?

BintiMkomani:
Waaleikum salaam kaka. Ni František Kupka, kazaliwa 1871 Opočno, huko Ucheki, enzi hizo ni kwa mfalme wa Austria. Utotoni aliwekwa kwa fundi wa matandiko ya farasi ajifunze kazi, na fundi mwenyewe mtu wa kuita roho za wafu, sasa hebu fikiria😂 Baadaye akasoma sanaa Prague na Vienna, 1896 yuko Paris. Kula yake ilikuwa katuni za magazetini, za kuwasuta matajiri na mapadri, tena kali kwelikweli. Hiyo miduara ni picha yake iitwayo Amorpha, ya 1912, ana miaka 41 hapo. Ilianza na mtoto wa mkewe anacheza mpira bustanini, akamchora mara ya kwanza na ya pili, kila mara mtoto anapungua, mwisho mtoto kaondoka umebaki mwendo wa mpira peke yake. Watu hawakuzoea picha isiyo na mtu wala mti.

Kijana_wa_Malindi:
Sis umesahau vita, 1914 alijitolea upande wa Ufaransa na umri umeshamtupa. Halafu tusidanganyane, alipata tajiri, Jindřich Waldes wa kiwanda cha vifungo Prague, ndo aliyekuwa akimnunulia. Mi hapa Malindi nkichora miduara Wataliano wanapita tu, wanataka mbuyu na machweo.

BintiMkomani:
Tajiri kaja baada ya vita lakini, katuni kachora miaka. Na hakurudi kwao kuishi, kafia Puteaux, pale pale jirani na Paris, 1957.

FundiKibao_Langoni:
Shukrani dada. Kumbe mpira wa mtoto! Nimeitazama tena, sasa nauona unavyozunguka. Mwenye mashua lakini bado hajanilipa jicho la pili, huyo wa vifungo akipita Matondoni mnishtue.