Hull House ya Chicago: ilikuwa sadaka au siasa?

mwana_ustawi:
Wakuu habari za jioni. Nasoma ustawi wa jamii na kila kitabu kinaitaja Hull House, nyumba ya huduma za jamii ambako wasomi waliishi pamoja na maskini. Naona mabinti wa familia zenye uwezo wanahamia mtaa wa wahamiaji maskini mwaka 1889, wanatundika picha ukutani na kuwasomea majirani riwaya. Mtu asiye na mkate alisaidiwa nini hapo? Na kama ilikuwa na maana, mbona imekufa? Naomba historia, sifa nimeshazisoma za kutosha.

mzee_faili:
Kijana, mimi ni mstaafu wa kazi hiyohiyo unayoisomea, kwa hiyo vumilia maneno yangu.

Mwanzo wao ulikuwa kama unavyosema. Jane Addams, mwanzilishi wa Hull House, alikuwa ameiona Toynbee Hall, iliyofunguliwa 1884 mashariki mwa London, ambako vijana wa vyuo vikuu walikwenda kuishi na maskini. Yeye na Ellen Gates Starr wakaingia jumba la zamani la Charles Hull, Halsted Street, katikati ya Waitaliano, Wagiriki, Wayahudi wa Urusi na wengine. Wakafungua hadi jiko la kuuza chakula chenye lishe kilichopimwa kitaalamu. Majirani wakakikwepa! Nani aache mapishi ya mama yake anywe supu ya daktari? Chekechea, kinyume chake, ilijaa haraka, maana akina mama walishinda viwandani.

Mambo yalibadilika alipohamia hapo Florence Kelley, mtetezi wa wafanyakazi, 1891. Huyu mama hakuja kusoma riwaya. Alipanda ngazi za nyumba walimoshonea nguo za viwanda, akakuta hadi watoto wa miaka minne wakichomoa nyuzi, akaandika kila kitu. Mwaka 1893 Illinois ikapitisha sheria: marufuku kuajiri mtoto chini ya miaka 14 kiwandani, na mwanamke asizidishe saa 8 kwa siku. Gavana Altgeld akamfanya Kelley mkaguzi mkuu wa viwanda. Miaka miwili baadaye mahakama kuu ya jimbo ikafuta kipengele cha saa 8. Waajiri nao walikuwa na mawakili.

Mwaka huohuo, 1895, wakatoa kitabu chenye ramani za mtaa, nyumba kwa nyumba, rangi moja kwa kila taifa na nyingine kwa kila kiwango cha mshahara. Mataifa 18 yalihesabiwa! Na Addams akakubali kuwa mkaguzi wa taka wa kata, kwa dola 1,000 kwa mwaka, akawa anaamka alfajiri kuyafuata magari ya taka mpaka jalalani. Mimi ningempa heshima kwa hilo kabla hata ya Nobeli ya Amani aliyopata 1931.

kaka_mbishi:
Mzee, umepamba. Waliohudumiwa walikuwa wahamiaji wa Ulaya. Weusi wa Chicago walijitegemea: Ida B. Wells, mwandishi wa habari Mweusi, alianzisha chama cha Negro Fellowship League mwaka 1910, huko State Street, kwa ajili ya vijana waliotoka Kusini mwa Marekani wakikosa pa kulala na kazi. Hiyo haitajwi na mtu.

mzee_faili:
Hapo sikupingi. Nyumba nyingi za aina hii Marekani ziliwabagua Weusi au zikawahudumia kando.

mwana_ustawi:
Shukrani wakuu. Na kifo chake?

dada_kumbukumbu:
Ilikufa mara mbili. Addams alifariki 1935, nyumba ikaendelea. Miaka ya 1960 Meya Daley aliutoa mtaa huo ujengwe Chuo Kikuu cha Illinois. Florence Scala, binti wa wahamiaji wa Kiitaliano aliyekulia kwenye shughuli za nyumba hiyo, aliongoza wakazi kupinga hadi mahakamani, wakashindwa. Mwaka 1963 majengo yakavunjwa. Kati ya 13 yakabaki mawili, ambayo sasa ni makumbusho. Chama kilichoiendesha Hull House kilitawanya huduma sehemu nyingine za jiji, kikitegemea mno fedha za serikali. Fedha zilipopungua na madeni kuzidi, kikafunga ghafla Januari 2012, wafanyakazi wakiwa na taarifa ya siku chache tu.

mzee_faili:
Hilo la fedha liwekee mstari, kijana. Addams aliomba kwa matajiri, jambo lenye kero zake, lakini alibaki huru kuigombeza serikali. Insha yako ianze na zile ramani: chukua ramani ya mishahara, iweke kando ya ile ya mataifa, usome mtaa mmojammoja.