BWV 4 kwa kwaya ya watu 16 na fidla za taarab: Pasaka Unguja

SautiYaTatu_Mjini

Wakuu salaam. Kwaya yetu imepanga kuimba kantata (utungo wa kwaya na ala) ya Bach, "Christ lag in Todes Banden" (BWV 4, namba yake katika orodha ya kazi za Bach), Jumapili ya Pasaka jioni. Waimbaji ni 16: sauti ya kwanza (soprano) 5, ya pili (alto) 4, ya tatu (tena) 3, ya nne (besi) 4. Wote wanasoma sol-fa, nota za mistari wawili tu. Wapigaji tunawaazima kwenye taarab: fidla 3, viola 1, sello 1, kontrabesi 1. Kinanda cha umeme kipo. Zimebaki wiki 10, na nne kati ya hizo zimo ndani ya Ramadhani, na wapigaji wote wamefunga.

Nakwama hapa: partitura (kitabu cha nota za sauti na ala zote) inataka viola mbili. Sol-fa yake niiandikeje, maana E-minor hii imejaa shapu za ghafla? Tuimbe Kijerumani au Kiswahili? Na je, watu 16 si wachache mno kwa Bach?

Mwl_DoNiG

Nianze na la mwisho, ndilo jepesi. Agosti 1730 Bach aliliandikia baraza la mji wa Leipzig waraka kueleza muziki wa kanisa unahitaji watu wangapi. Alitaka angalau watatu kwa kila sauti, na akasema wanne wanne ingekuwa bora zaidi, yaani 16. Kwa hiyo hesabu yenu ni ileile aliyokuwa akiiomba yeye. Tatizo lenu ni sauti ya tatu kuwa na watu watatu tu, si idadi ya jumla. Soprano mmoja mwenye sauti nzito mhamishieni sauti ya pili, na mmoja wa sauti ya nne anayefika juu bila kukaza koo apande ya tatu. Mtakuwa 4, 5, 4, 3.

Wimbo wenyewe ni wa Luther, 1524, beti saba. Bach hakuongeza hata neno lake. Kila ubeti ni kipande kimoja, na tuni ileile inapita katika vipande vyote, kila mara kwa vazi jingine. Mpangilio ni kwaya, wawili, mmoja, kwaya, mmoja, wawili, kwaya. Mbele yake iko sinfonia (utangulizi wa ala peke yake) fupi ya baa 14. Yote ni kama dakika 20. Huaminika aliitunga karibu 1707, akiwa na miaka 22 hivi, kabla ya zile kantata kubwa za Leipzig zenye aria (nyimbo za mwimbaji pekee) na resitativo (maneno yanayoimbwa kama kusemwa). Ndiyo maana inaimbika na kwaya ndogo.

Sol-fa: do ni G, basi E ni l. Tuni inaanza B, A-shapu, B, yaani m re m. Hapo ndipo kwaya nyingi zinapoangukia, kwani hiyo ni re ya kupandishwa, si r ya kawaida. Ukiandika kwa mkono kwenye karatasi ya fotokopi, ile e inafutika, mwimbaji anasoma r, na nusu hatua inageuka hatua nzima. Kantata yote imejengwa juu ya ule mshuko wa nusu hatua. Utausikia kwenye fidla tangu baa ya kwanza ya sinfonia. Andika kwa wino mwekundu kila re, fe, se na le. D-shapu ni se, C-shapu ni fe.

Ubeti wa 4 una mtego wake. Tuni anaishika sauti ya pili peke yake, tena katika B-minor, huku wengine watatu wakikimbizana kwa nota za haraka. Ukimwandikia alto kwa do ya G atapata t le t, na atapotea. Mwandikie yeye tu do ni D: anapata tena m re m, tuni ile anayoijua. Juu ya karatasi yake andika wazi "do yako ni D" ili asije akachukua sauti kwa jirani.

Ifundishe kwaya hivi: anza na ubeti wa 7, wiki mbili za kwanza. Ni kwaya ya sauti nne iliyonyooka, kila mtu anaikamata tuni na mwenendo wa sauti yake. Halafu ubeti wa 4, wiki tatu, polepole, bila kinanda kufuata sauti. Ubeti wa 1 uje baada ya hapo. Humo soprano anashika nota ndefu, sauti nyingine zinapita chini yake, kisha Haleluya ya mwisho inageuka: pigo linakuwa la nota ya nusu badala ya robo. Waimbaji wakiona hivyo hukimbia. Hesabu kwa sauti kubwa baa mbili kabla ya mgeuko na mbili baada yake, mpaka mikono yao izoee. Na soprano wapokezane pumzi. Wakivuta wote pamoja mwishoni mwa mstari, fidla zinabaki zinaning'inia bila tuni.

Ubeti wa 2 na wa 6, vile vya wawili wawili, si lazima viimbwe na wawili. Wape kundi zima la kila sauti kama hamna waimbaji pekee wa kutegemea. Ubeti wa 6 una nota tatu kwa pigo kwenye sauti, na kwenye sello na kinanda nota yenye nukta. Ile nota fupi baada ya nukta iangukie pamoja na nota ya tatu ya waimbaji. Mkiacha kila mtu na yake, inasikika kama ngoma mbili za harusi mtaa mmoja.

Kinubi99

Kwa nini msichukue "Wachet auf", kantata yake nyingine? Ile inajulikana na kila mtu.

Mwl_DoNiG

Kwa sababu inataka honi, oboi mbili, oboi ya tenor, fagoti na fidla ndogo iliyotuniwa juu. Hivyo Unguja mtavitafuta mpaka mchoke. Tena ile (BWV 140, 1731) iliandikwa kwa Jumapili ya 27 baada ya Utatu, ambayo haiji ila Pasaka ikiangukia kabla ya tarehe 27 Machi. Na hii ni Pasaka.

FidlaYaNgambo

Nijibu upande wa nyuzi.

Trombone na korneti mtakazoziona kwenye baadhi ya partitura ziliongezwa Leipzig 1725, nazo zinarudia sauti za waimbaji tu. Ziacheni. Mnachohitaji kweli ni fidla ya 1, fidla ya 2, viola ya 1, viola ya 2, na besi. Viola yenu moja ipewe viola ya 2, ambayo ni ya chini zaidi. Sehemu ya viola ya 1 aipige mpiga fidla wa tatu. Kabla hamjampa karatasi, pitia kwa penseli uzungushie kila nota iliyo chini ya G, maana hapo ndipo uzi wa mwisho wa fidla unapoishia. Nota hizo mpe mpiga kinanda mkono wa kulia, au viola akiwa hana kazi. Usimruhusu azipandishe juu oktava, atamvuka fidla wa pili. Na viola husoma ufunguo wa C. Mwandikie upya huyo wa fidla kwa ufunguo wa G, asije kukisia.

Kuhusu wapigaji wa taarab: mkono ni hodari, masikio ni hodari, ila mazoea ni mengine. Kwanza, kama fidla imetuniwa Kiarabu, sol-re-sol-re, irudi sol-re-la-mi. Pili, kwenye taarab fidla zote zinafuata tuni moja, kila mmoja anaweka nakshi yake na kuteleza kidole kutoka nota hadi nota. Hapa kila mmoja ana njia yake, na kuteleza kwenye ile nusu hatua ya B kwenda A-shapu kunaifuta kabisa. Waambieni kidole kishuke kimoja kwa kimoja, upinde mfupi, kwa ncha. Tatu, kontrabesi amezoea kudonoa kwa kidole. Hapa apige kwa upinde, isipokuwa ubeti wa 2: humo ile besi inayotembea ya nota za nane nane inavumilia kudonolewa, na mimi naona inapendeza hata kama wenye vitabu watanuna.

Ubeti wa 3 ndio wa fidla. Zinakimbia nota za haraka zote pamoja chini ya sauti ya tatu, kisha zinapiga akodi kali, na kwenye neno "nichts", yaani hapana kitu, kila kitu kinasimama. Kisha polepole, halafu mbio tena. Anayeongoza asitoe ishara kubwa ya kusimama, kwani mwisho wa upinde utaburuzika. Aweke mkono wazi tu, macho yote kwake. Kimya kile kiwe kimya kweli. Kama kanisa lina mwangwi, ngoja ufe.

Masika: Pasaka inaangukia humo au ukingoni mwake. Vigingi vinavimba na kukwama. Usivilazimishe kwa koleo, vitapasua kichwa cha fidla. Fungua kasha ndani ya kanisa dakika 30 kabla ya kutuni, hasa kama vyombo vimelala kwenye kiyoyozi. Manyoya ya upinde yanarefuka kwa unyevu, basi utakaza zaidi ya kawaida. Ukimaliza legeza, la sivyo asubuhi hewa ikikauka mti unapinda. Tuni mara tatu: kabla, baada ya ubeti wa 2, na baada ya wa 4. Hizo ndizo nafasi ambazo hadhira haitakasirika.

Ratiba ya Ramadhani: nyuzi peke yao saa tatu usiku baada ya tarawehe, kwaya peke yake jioni kama kawaida. Msiwaunganishe kabla ya Idi. Mtu aliyefunga tangu alfajiri ukimsimamisha saa kumi jioni kupiga ubeti wa 3 mara tano, upinde utatetemeka.

Kinubi99

Na kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, je, badala ya kinanda? Sauti yake iko karibu na harpsikodi, kinanda cha kale cha nyuzi.

FidlaYaNgambo

Kusikika inasikika. Lakini kanuni unaipanga kwa visu (vipande vidogo vya kupandisha au kushusha uzi) kwenye mizani moja ya nota saba, na kila shapu ya ghafla ni kisu cha kupindua. Ubeti wa 5 besi inashuka nusu hatua nusu hatua kutoka E hadi B, na akodi juu yake zinabadilika kila pigo. Mkono wa kushoto utakuwa unapindua visu tu, haupigi. Iacheni kwa taarab. Kinanda wekeni sauti ya ogani ndogo, futi nane (kimo cha kawaida), bila mtetemo, na kiwe na betri. Umeme ukikatika katikati ya ubeti wa 4 kwaya haina kingine cha kushikilia ila sello na kontrabesi.

Chake_Mshairi (Pemba)

Lugha. Mimi nasema beti sita Kijerumani, wa saba Kiswahili, na tafsiri ya zote ichapwe kwenye karatasi.

Sababu ni mizani. Mstari wa kwanza wa ubeti wa 1 una silabi 7, na mkazo uko kwenye ya 2, ya 4 na ya 6. Kwa kuutazama tu unaonekana umetengenezwa kwa Kiswahili, kwani mkazo wetu nao huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Jaribu "Kristo kafungwa kifo": silabi saba kamili, lakini KRI imeangukia pigo dhaifu. Jaribu "Mauti yamfunga": ma-U-ti-ya-m-FU-nga, mkazo umekaa pake vizuri mno. Sasa mpe soprano aiimbe. Ubeti wa 1 kila silabi yake ni nota ndefu, na silabi ya tano ni m. Anafumba midomo pigo zima, tuni inazama chini ya fidla. Kwenye shairi la kusoma mstari ule ni mzuri, kwenye tuni ile haufai. Sharti langu kwa mtafsiri: sauti inayoshika tuni ndefu isipewe silabi ya m wala n peke yake.

Ubeti wa 3 usiuguse kabisa. Lile "nichts" ni silabi moja, inakatika kama kisu, na muziki wote unasimama juu yake. Kiswahili kitakupa "kitu" au "chochote", na kimya kitakuja katikati ya neno.

Ubeti wa 7 ni tofauti: nota fupi, sauti zote pamoja, na maneno ni yale ya chachu ya kale (1 Wakorintho 5), watu wanayajua. Shida ni kwamba mistari ya 1 na ya 3 inaishia kwenye mkazo. Malizia kwa neno la silabi moja: "tu", "si".  Haleluya haina shida, ha-le-LU-ya ni ileile.

Matamshi: watu wa visiwani tuna kh ya khofu na kheri, itumieni kwenye "bracht". Kwenye "nichts" iwe nyepesi, mbele ya mdomo, karibu na h. W ni v, z ni ts. "Würger": kaza midomo kama unasema u, ndani useme i. Na msiongeze irabu mwishoni. "Christ" si "Kristi".

SautiYaTatu_Mjini

Nimeshiba. Limebaki moja: ubeti wa 5, besi wetu hafiki ile nota ya chini kwenye "Tode". Tuipandishe oktava?

Mwl_DoNiG

Msiipandishe. Pale sauti inaruka kutoka B hadi E-shapu ya chini, zaidi ya oktava nzima, kwa sababu neno ni "mauti". Ukiipandisha unabaki na mruko mdogo usiosema kitu. Muda mfupi baadaye, kwenye "Würger", anashika D ya juu kwa muda mrefu. Besi mwenye zote mbili ni nadra, basi gawanyeni: mwenye chini aimbe mpaka mwisho wa mstari wa "Tode", mwingine achukue kuanzia hapo mpaka mwisho. Wasimame bega kwa bega, hadhira haitajua. Kama hata huyo wa chini anaishia F tu, hana wasiwasi: E-shapu kwenye kinanda chenu ni F hiyohiyo.

Na msishushe kinanda nusu hatua kufuata rekodi za vyombo vya kale. Fidla zitalegea, na kwenye unyevu ule hazitashika tuni hata ubeti mmoja.